Sindano ya Miezi Mitatu na Hofu ya Damu

WANAWAKE wa Wilaya ya Kilolo, kuanzia Ilula iliyo kando ya barabara kuu iendayo Zambia hadi vijiji vya milimani vya upande wa Dabaga na Udzungwa, wanaifahamu vyema sindano ya uzazi wa mpango ichomwayo kila baada ya miezi mitatu. Wengi huipokea, na si wachache huiacha. Miongoni mwa sababu kubwa za kuiacha ni damu. Kwa mmoja hutoka kidogo kidogo kwa majuma mazima. Kwa mwingine hukatika kabisa, naye huambiwa na majirani kwamba inajikusanya tumboni na hatimaye itamletea uvimbe.

Hakuna damu inayojikusanya. Utando wa ndani wa mfuko wa uzazi hujengwa na homoni ya estrojeni na kudhibitiwa na homoni ya projesteroni. Homoni hizo zishukapo, utando hubanduka na hedhi hutoka. Sindano hii ni dawa ya jamii ya projesteroni. Huufanya utando uwe mwembamba, na utando mwembamba mwanzoni huwa dhaifu, ndiyo maana hutoa matone ya damu pasipo mpango. Baadaye hubaki kidogo tu cha kubanduka. Baada ya mwaka mmoja, takriban nusu ya watumiaji hawaoni hedhi tena. Aiachaye huweza kungoja miezi tisa au zaidi kabla ya kushika mimba, jambo ambalo bibi arusi apaswa kuambiwa kabla ya kuchomwa, si baada.

Hata hivyo, tusiwacheke wenye hofu. Mwaka 1978 Marekani yenyewe ilikataa kuiidhinisha dawa hii kwa uzazi wa mpango; miongoni mwa mambo yaliyoleta wasiwasi juu yake katika miaka hiyo ni kansa ya utando huo iliyoonekana kwa nyani waliopewa dozi kubwa mno kwa miaka 10. Mwaka 1981 Zimbabwe, iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka mikononi mwa walowezi, iliipiga marufuku kwa kuiona ni silaha ya kuwapunguza Waafrika. Lakini mwaka 1991 uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani ulionyesha kinyume cha yale ya nyani: wanawake waliotumia sindano hii walipata kansa ya utando wa mfuko wa uzazi kwa nadra kuliko wasioitumia. Mwaka uliofuata Marekani ikaidhinisha.

Hatari ya utando iko upande wa pili. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walieleza kwamba wanawake waliopewa estrojeni peke yake baada ya ukomo wa hedhi walipata kansa hiyo zaidi. Tamoxifen, dawa iliyookoa maisha ya wagonjwa wengi wa kansa ya matiti, nayo huweza kuuchochea utando huo kwa wanawake waliovuka umri wa kuzaa. Hali kadhalika mwanamke ambaye yai lake halipevuki kwa miezi mingi hubaki na estrojeni isiyo na mdhibiti, utando ukazidi unene. Huyo mara nyingi hutibiwa kwa dawa za jamii ile ile ya projesteroni.

Hapa ndipo tunapoona kasoro katika huduma zetu. Muuguzi aliyezoea kusema "ni sindano tu, itapita" huweza kumwambia hivyo hata mama wa miaka 55 aliyekwisha koma hedhi, na ambaye damu yake yataka uchunguzi wa hospitali bila kukawia. Huweza pia kumwambia hivyo mwanamke atokwaye damu baada ya kujamiiana, na kansa ya shingo ya mfuko wa uzazi, iliyo kubwa kuliko zote kwa wanawake wa nchi hii, ikapata muda wa kukomaa. Wakati wa masika, njia za milimani zikiwa tope tupu, mama aliyerudishwa nyumbani hivi si rahisi aje tena mwezi ujao.

Twaiomba Halmashauri ya Wilaya iwaagize wauguzi wa zahanati waulize maswali matatu kabla ya kutoa jibu: umri, tarehe ya sindano ya mwisho, na damu ilianza lini. Hayahitaji mashine wala umeme.