Kisangani: ufundi wa frigo unalipa, lakini hesabu ya wazazi haijakamilika

Matokeo ya Exetat yakishatoka, wazazi wa Mangobo, Kabondo na Tshopo wanarudia ulizo lilelile: mtoto aende Unikis, ao ajifunze kazi ya mikono? Kati ya kazi hizo, ile ya frigo na klima inavuta vijana wengi. Wazazi wanauliza bei ya masomo, wanatafuta makuta, wanalipa. Hapo ndipo wanaposimamisha hesabu, na hapo ndipo hasara inaanzia.

Vitabu vya ufundi huu vinafundisha kupasha joto na kutia baridi pamoja. Kisangani iko karibu nusu digri tu juu ya ikweta. Hakuna mkaaji atakayemwita fundi apashe nyumba yake joto. Kazi ya hapa ni baridi.

Na kazi hiyo iko. Wauza samaki wa kugandishwa, hoteli na benki za Makiso, mochwari za hospitali, wote wanategemea mashine za baridi. Kuna pia frigo za chanjo, ambazo watu wanazisahau. Katika kituo cha afya, chanjo nyingi zinapaswa kukaa kati ya digri 2 na 8. Frigo ya kituo cha Opala ao Bafwasende ikiharibika, fundi asipofika mapema chanjo zinatupwa, na watoto wanakosa.

Kuranti ya SNEL nayo inaleta kazi, kwa namna ya kuhuzunisha. Mtambo wa maji wa Tshopo uko na mashine tatu tu, ulijengwa wakati wa ukoloni, na mji umekua mara nyingi tangu hapo. Kuranti inakatika, inarudi kwa nguvu, inaunguza kompresa. Fundi anaitwa. Lakini kuranti hiyo hiyo inamnyima wateja, maana familia isiyo na umeme hainunui frigo. Kwa hiyo mteja wa kweli ni yule mwenye jenereta ao mabamba ya jua, na fundi asiyejua mambo ya jua anajifungia mlango mwenyewe.

Sasa hesabu. Tuchukue namba za mfano, kila familia itaweka za kwake. Masomo ya miezi sita, dola 200. Toleka ya kwenda na kurudi, dola 1 kwa siku, siku 120: dola 120. Vifaa, yaani pampu ya kunyonya hewa, manometa, mizani, chombo cha kuchomelea na kipimo cha umeme, tuseme dola 400. Jumla ni dola 720, na vifaa peke yake vimepita nusu.

Kijana mwenye vifaa akibakiwa na dola 10 kwa kila kazi, na kupata kazi mbili kwa wiki, mwaka wa kwanza anaingiza 1 040. Ukitoa 720, anabaki na 320. Asiye na vifaa ametumia 320 tu, lakini anakodi pampu kwa patroni na kugawana naye: dola 5 kwa kazi. Mwisho wa mwaka anabaki na 200. Tofauti inaonekana ndogo. Mwisho wa mwaka wa pili, wa kwanza amefikisha 1 360, mwenzake 720. Na hapo hatujahesabu mteja anayesema « nitakulipa kesho » wakati gesi imeshaingia katika mashine.

Asiye na pampu ana hatari nyingine. Anaacha hewa na unyevu ndani ya mabomba, kompresa inakufa, na jina lake linakufa pamoja nayo katika kartie nzima. Frigo nyingi mpya za nyumbani zinatumia gesi R-600a, inayoshika moto, na kipimo chake hakipiti gramu 150. Kuijaza kwa kukisia bila mizani, ao kuchomelea bomba ambalo gesi haijatoka, ni kuchezea maisha.

Gesi ya zamani R-22 nayo iko njiani kuondoka. Kwa Mapatano ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea zinapaswa kuwa karibu zimeiacha kufikia 2030. Anayejifunza leo R-22 peke yake anajifunza kazi ya baba yake.

Hivyo mzazi asiyeweza kulipa vifaa afanye nini? Asikopeshe ndoto. Afadhali mtoto akae mwaka kwa patroni mwenye vifaa, huku akiweka akiba, kuliko kutoka na hati nzuri na mikono mitupu.

Lakini si haki kumwachia mzazi mzigo wote. INPP iliundwa mwaka 1964 kwa kazi hii, na waajiri wanailipa kati ya 1% na 3% ya mishahara, kufuatana na ukubwa wa kampuni. Sehemu ya makuta hayo ingeweza kununua vifaa, vijana wa Tshopo wakavichukua watatu watatu, wakalipa kidogo kidogo kwa kila kazi. Masomo ya kiserikali yanayoishia kwenye hati yanafika nusu ya njia, na ile nusu ya pili ndiyo ya bei.