Saba na Nusu, au Nane?

BARAZANI JUMA HILI
Na Mwanamanga

Mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule yoyote ya upili ya Kenya, iwe Sironga huku kwetu Nyamira au iwe Lamu, hufundishwa ndani ya hisabati mlango wa hesabu za biashara, na humo hujifunza riba sahili na riba ya kulimbikiza, ununuzi wa kulipa kwa awamu na kodi ya mapato. Na aghalabu msichana mwenye bidii hukokotoa deni la mtu asiyekuwapo duniani, aliyekopa katika benki isiyo na jina, akapata alama zote, kisha akafunga daftari bila kushuku kwamba mtu huyo huenda akawa yeye mwenyewe kabla miaka miwili haijapita.

Muda wote wa masomo ya bweni fedha zake za matumizi hushikwa na mwalimu, naye hupewa kidogo kidogo kwa idadi, simu hairuhusiwi, bei ya mkate na sabuni huisikia tu kwa wazazi wanaonung'unika. Novemba hufanya mtihani wake wa mwisho, akarejea nyumbani, akatimiza miaka 18, akachukua kitambulisho na laini ya simu, na haupiti muda mrefu watu wasiomjua wala kumwona wakaanza kumkaribisha kukopa, hata usiku wa manane, bila mdhamini na bila kumuuliza anafanya kazi gani. Malezi yaliyomnyima shilingi kwa miaka minne humkabidhi ghafla mlango wa hazina za watu.

Natoa mfano mmoja, kwa kuwa nauona watosha. Mkopo wa simuni wa M-Shwari, ulipoanza Novemba 2012, ulitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Hazina ya Hustler ya serikali, iliyozinduliwa mwishoni mwa Novemba 2022, ilitangazwa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Muulize binti aliyefuzu hisabati ni upi ulio nafuu, umwoneshe tarakimu peke yake, naye atajibu bila kusita kwamba saba na nusu ni ndogo kuliko nane. Lakini aliyekopa shilingi 1,000 kwa mkopo wa kwanza, akalipa na kukopa tena kila mwezi mwaka mzima, atakuwa ametoa shilingi 900 za ada, ilhali kwa kima cha pili kiasi hicho hicho, kwa muda huo huo, kingemgharimu shilingi 80. Hesabu hiyo aijua; asichozoezwa ni kuuliza muda kabla ya kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo siombi somo jipya. Masomo tumeyaunda na kuyaunganisha kiasi cha kutosha: stadi za maisha, zilizokuwa na kipindi chake katika sekondari msingi, zimetiwa ndani ya maarifa ya jamii, na biashara ikaingizwa katika masomo ya awali ya ufundi. Ninachoomba ni karatasi halisi juu ya dawati. Nyumba nyingi za Nyamira zaishi kwa chai: kuna malipo ya kila mwezi kwa kilo za majani mabichi, na kuna bonasi ya mwaka, ambayo hungojewa kwa hamu na aghalabu huwa imekwisha kutumiwa kabla haijafika, dukani, kwa karo na kwa wakopeshaji wa mtaani. Mtoto aliyechuma majani kila Jumamosi azijua kilo zake, lakini hajapata kuoneshwa kwa nini kilo hizo zikizidishwa kwa bei hazilingani na fedha zilizofika mkononi mwa mamake. Stakabadhi ya malipo hayo ingemjibu: hapa pamekatwa mbolea, pale pamekatwa mkopo. Hicho ndicho kitabu cha kiada ningekipendekeza, na hakina gharama ya kukichapa.

Watakuwapo wazee watakaosema kwamba fedha za nyumba ni siri ya nyumba. Nawastahi, na jawabu la hoja yao ni jepesi: jina lifutwe, tarakimu zibaki. Hata mwalimu angeweza kuleta hati yake ya mshahara, ingawa nahofia baadhi yao wangeona haya, maana sheria humwachia mfanyakazi angalau theluthi moja ya ujira wake baada ya makato, na wapo walimu ambao theluthi hiyo ndiyo wanayoishi nayo mwaka baada ya mwaka.

Wala si kila hatari imo simuni. Ushirika wa akiba na mikopo, ambao huku kwetu umewajengea wengi nyumba na kusomesha wana, hukopesha kwa dhamana ya wenzako: mkopaji akishindwa, akiba ya mdhamini ndiyo ihesabiwayo. Kijana huombwa sahihi ya udhamini na mtu ambaye yeye, kwa adabu alizolelewa nazo, hawezi kumkatalia, na hapo hisabati haimfai hata kidogo. Apaswa kuwa amejizoeza maneno. Basi katika juma la mwisho kabla ya kufunga shule, mwalimu awagawie wasichana fomu tupu ya udhamini, awaambie kwamba anayeomba ni shangazi, dada wa baba, aliyewalipia karo ya kidato cha kwanza, na kwamba mkopo wake wa kwanza bado hajaumaliza. Kisha kila mmoja asimame amjibu shangazi huyo, kwa heshima, mbele ya darasa zima.