Anayeuza Mandhari Anauza Kisima

Neno lililo tamu kuliko yote kinywani mwa dalali wa ardhi wa siku hizi ni "mandhari". Kiwanja hakisifiwi tena kwa ujirani mwema, wala kwa ukaribu wa msikiti na kisima. Husifiwa kwa kile kinachoonekana ukiwa juu yake. Na kwa kuwa kisiwa cha Lamu hakina milima, wanunuzi wameelekea kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ambako jicho huiona bahari hadi upeoni. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Lakini macho ya mnunuzi yamesimama juu ya mchanga, hayakushuka chini yake.

Chini ya vilima hivyo ndimo yalimo maji matamu yanayotegemewa na mji wa Lamu. Mvua ya masika na ya vuli humezwa upesi na mchanga, ikashuka na kutulia juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Wataalamu wanayo hesabu yake: kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamepanda juu ya usawa wa bahari, yapo mita 40 hivi chini ya usawa huo. Igeuzwe hesabu hiyo, hatari itaonekana: uso wa maji ukishuka kwa mita 1, chumvi huja kupanda kwa mita 40.

Jumba linapopanda kilimani, hutokea nini? Vichaka vinavyoushika mchanga hung'olewa ili mandhari isizibwe, na upepo wa kusi ukaanza kuuhamisha. Sakafu za saruji huifungia mvua njia. Shimo la choo huchimbwa katika mchanga usiojua kukataa kitu, nao hupitisha uchafu kwa urahisi uleule uliopitishia mvua. Kisha bwawa la kuogelea hujazwa maji matamu, mbele ya bahari nzima.

Watetezi wa majumba hayo wana hoja, na ni haki zisikilizwe. Husema yanaleta kazi kwa fundi, mpishi na baharia. Ni kweli, na hakuna mwenye adabu atakayeidharau riziki ya mtu. Lakini nyumba yaweza kujengwa penginepo. Maji hayana penginepo. Husema tena kwamba vilima vimekwisha kutangazwa kuwa eneo la kulindwa, basi sheria yatosha. Tangazo ni karatasi; lisiposimamiwa, mchanga hulifukia.

Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, haukujengwa na watu wasiojua uzuri. Waliujua, wakauweka ndani: katika zidaka za chokaa, katika milango ya nakshi, katika kiwanda kilicho wazi kwa mbingu. Kwa nje kuta zao zimenyamaza. Uzuri wao haukumdai jirani kisima chake.

Na mchanga huo una damu. Hapo Shela, yapata mwaka 1812, watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Mazrui wa Mombasa. Ulikuwa wakati wa Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka wa Mombasa, ushairi ukiwa silaha pamoja na silaha. Waliosimama pale hawakuuacha mchanga kwa upanga. Vitukuu wao wasiuache kwa kalamu.

Linalotakiwa ni dogo. Mipaka ya hifadhi itiwe alama ardhini, ramani yake ibandikwe mahali pa wazi, hati zilizotolewa ndani yake zichunguzwe, na asiyejenga bado asijenge. Mchuma janga hula na wa kwao. Lakini mchuma janga wa kilimani atapanda boti aondoke. Watakaoyanywa maji ya chumvi ni waliobaki.