Neno la pili halihitaji kurasa ishirini

Mteja mmoja ameniletea makadirio ya bei aliyopewa na kampuni fulani ya kupandisha tovuti kwenye Google. Jamaa anauza mashine za posho mill. Mtu akitafuta "mashine ya kusaga mahindi" anampata bila shida. Akitafuta "mashine ya kukoboa mahindi" hampati mpaka ukurasa wa tatu wa matokeo, yaani hampati. Dawa aliyoandikiwa ni kurasa ishirini mpya: mashine ya kukoboa Nakuru, mashine ya kukoboa Kisii, mashine ya kukoboa Embu, na kuendelea. Maandishi ni yale yale, jina la mji tu ndilo linalobadilika. Na kila ukurasa unalipiwa.

Jamani, hii ni kumtoza mtu pesa ili umharibie tovuti. Google ilitangaza Machi 2015 kwamba itazishusha kurasa za aina hii, zile za mlangoni ambazo kazi yake ni kumnasa mtafutaji na kumpeleka pale pale. Mpaka leo zimo kwenye orodha ya mambo inayoyahesabu kuwa taka. Ukurasa wa Nakuru una maana kama una duka Nakuru, lenye picha, namba ya simu na maelekezo ya kufika. Kama huna, achana nao.

Tatizo ni kwamba watu wengi bado wanafikiri neno la pili linapandishwa kama lile la kwanza: unalirudiarudia, unalitengenezea ukurasa, unalijaza kwenye ile tagi ya maneno muhimu iliyofichwa ndani ya msimbo. Google ilisema wazi Septemba 2009 kwamba haitumii tagi hiyo kupanga matokeo. Miaka yote hiyo imepita na bado naikuta kwenye tovuti za watu, imejazwa maneno hamsini!

Swali la kujiuliza ni moja tu. Je, mtu anayeandika neno hili la pili ataridhika na jibu lile lile la neno la kwanza? Akiridhika, ukurasa ni mmoja. Asiporidhika, ndipo unaandika mwingine.

Turudi kwa mashine. "Bei ya mashine ya kusaga mahindi" si bidhaa nyingine, ni mnunuzi yule yule ambaye sasa ametoa pochi. Weka bei kwenye ukurasa ulio nao. (Wenye maduka wanaoficha bei na kuandika "piga simu" wanalikosa neno hili halafu wanailaumu Google.) Lakini kusaga na kukoboa ni kazi mbili. Mashine ya kusaga ina nyundo zinazoponda punje mpaka unga upenye matundu ya chekeche. Ya kukoboa inatoa ganda, punje inabaki. Anayetaka hii hataridhika na picha za ile. Kwa hiyo kukoboa kupate ukurasa wake, mmoja, ulioshiba: picha, inatumia mota ya umeme au injini ya dizeli, inakoboa magunia mangapi kwa saa, bei, vipuri.

Na hapo hapo kuna neno ambalo kampuni ile haikuligusa hata kidogo. Machakos, Makueni na Kitui watu wanaijua mashine hii kwa chakula inachotoa: mashine ya muthokoi. Ni kitu kile kile, jina tofauti. Usiitengenezee ukurasa mwingine. Iandike kwenye kichwa kidogo ndani ya ukurasa wa kukoboa, kwenye aya inayoeleza matumizi, na kwenye maelezo ya picha. Inatosha. Mimi neno kama hili naliheshimu kuliko majina ya miji ishirini, kwa sababu limetoka kinywani mwa mnunuzi.

Kama huna uhakika maneno mawili ni kitu kimoja au viwili, yatafute yote kwa zamu kwenye dirisha la faragha ulinganishe matokeo kumi ya kwanza. Tovuti zikiwa karibu zile zile, Google inayaona kuwa swali moja. Zikiwa tofauti, ni maswali mawili. Hii haigharimu hata shilingi.

Ukipuuza hilo ukaandika kurasa mbili kwa swali moja, zitaanza kunyang'anyana. Google itachagua mojawapo, na mara nyingi si ile uliyoitaka. Tena tangu Juni 2019 kwa kawaida haionyeshi zaidi ya matokeo mawili ya tovuti moja pale juu, kwa hiyo hizo ishirini zingegombania viti viwili. Kama tayari unazo, ziunganishe ziwe moja na anwani za zamani zielekeze kwa 301.

Kitu kinachosahaulika kabisa ni viungo vya ndani. Ukurasa wa kusaga tayari una nguvu, basi uutumie. Andika humo kwamba anayetaka kuuza unga mweupe atahitaji pia mashine ya kukoboa mahindi, na maneno hayo manne yawe ndiyo kiungo. Sio "bofya hapa". Usiguse kichwa cha ukurasa wa kusaga ukijaribu kubana maneno yote mawili, utapoteza la kwanza ukilifukuza la pili.

Kabla ya yote hayo, ingia Search Console, fungua ripoti ya utendaji, chagua ukurasa mmoja usome maneno yanayouleta kwenye matokeo. Yale yenye nafasi ya 8 hadi 20, yanayoonekana sana lakini hayabofywi, ndiyo ya kuanza nayo. Ripoti ina data ya miezi 16 na ni ya bure.

Mteja nimemwambia asilipe. Tumeandika ukurasa mmoja na kuongeza viungo vitatu, tarehe iko kwenye daftari. Tutalinganisha na miezi ile ile ya mwaka jana, si mwezi uliopita, maana mahindi yana msimu na wanaotafuta mashine wanapanda na kushuka nayo.