Treni ya Mungbere Juu ya Meza

Juma lililopita mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Bunia alitujia na karatasi mkononi. Katika ujana wake alikuwa mtumishi wa reli huko Mungbere, akipakia magunia ya kahawa na marobota ya pamba. Wajukuu wake saba hawajaona treni hata moja, maana mji wetu haukupata reli kamwe, na ile ya Mungbere imenyamaza miaka mingi. Sasa mzee ataka kuwatengenezea njia ndogo ya reli juu ya meza, yenye treni iendayo kwa umeme. Mpwa wake aliye Ubelgiji atakuja kwa Noeli, naye ameahidi kuleta vitu. Lakini fedha iko ya safari moja tu, na kitakachoagizwa kwa makosa hakitarudishwa. Ndiyo sababu mzee alikuja kuuliza kwanza, nasi twaona yafaa majibu yetu yasomwe na jamaa nyingine pia.

Tuanze na reli yenyewe. Njia ya Vicicongo, iliyotoka Aketi kwenye mto Itimbiri ikapita Buta na Isiro, ilifika Mungbere mwaka 1937. Upana kati ya reli zake mbili ulikuwa milimita 600 tu, yaani hatua moja ya mtoto. Wajenzi walichagua wembamba huo kwa sababu ya gharama: reli nyepesi, madaraja madogo, na kona za kuzunguka kilima badala ya kukipasua. Kwa jirani zetu wa Uganda upana ni mita moja. Reli yao ilifika Kasese mwaka 1956, na Pakwach mwaka 1964. Mtu wa Bunia aliyetaka kusafirisha mzigo kwa treni ilimpasa kwanza autie ndani ya lori, ama kuelekea Mungbere, ama kushuka Kasenyi kuvuka ziwa.

Katika karatasi yake mzee alikuwa ameandika: “Vipande vya kona, ishirini.” Hapo tulimzuia. Viko vipande vigumu vilivyokwisha pindwa kiwandani, na hivyo vyafaa watoto wanaopanga njia sakafuni na kuibomoa jioni. Kwa njia itakayokaa daima mezani, twamshauri achukue reli za kupindika. Hizo huuzwa zikiwa zimenyoka, urefu wa milimita 914 kwa kawaida, juu ya mataruma ya plastiki yaliyounganishwa kwa vipande vidogo vinavyokubali kukunjwa. Fundi huipinda kama apendavyo, na kona huwa pana au nyembamba kadiri ya kilima anachokitaka. Tena viungo huwa vichache, na kila kiungo ni mahali ambapo treni yaweza kuanguka au umeme kukatika.

Swali kubwa ni upana gani wa kuchagua. Reli ndogo zinazopatikana kwa urahisi ni za milimita 9 na za milimita 16.5. Ziko pia za milimita 6.5, ambazo kiwanda cha Busch cha Ujerumani huzitengeneza kwa mfano wa reli za milimita 600, na kwa hesabu ndizo zilizo karibu na kweli kwa kipimo cha 1 kwa 87. Lakini mtu wa kipimo hicho hafiki hata sentimita 2 kwa kimo. Macho ya mzee hayataweza, na vidole vya wajukuu vitavunja kila kitu kabla ya Mwaka Mpya. Twasema achukue milimita 16.5. Gawanya 600 kwa 16.5, utapata kitu kama 36. Basi kila alichokiona Mungbere akigawanye kwa 36: mtu wa sentimita 170 atakuwa na kimo cha sentimita 4 na nusu na zaidi kidogo, na behewa la mita 7 litakuwa na urefu wa sentimita 19. Mabehewa atayachonga mwenyewe kwa mbao. Yeye ni fundi wa kutosha, tumeviona viti vyake.

Faida nyingine ni hii: magurudumu na mota za milimita 16.5 ndizo nyingi kuliko zote duniani, na za mitumba huuzwa Ubelgiji kwa bei ya chini. Lakini hapa mpwa lazima awe macho. Treni nyingi za mitumba katika masoko ya huko ni za Märklin. Upana wake ni uleule wa milimita 16.5, lakini umeme wake ni wa namna nyingine: huingia kwa vituo vidogo vilivyo katikati ya njia, na magurudumu ya pande mbili yameungana kwa chuma. Ukiiweka treni ya namna hiyo juu ya reli za kawaida za kupindika, umeme utapita moja kwa moja kutoka reli hata reli, na kitu kitaungua. Mpwa aseme wazi kwa muuzaji: treni ya reli mbili, ya umeme wa moja kwa moja, volti 12.

Sasa madini ya reli. Muuzaji atataja fedha ya nikeli. Jina hilo ladanganya. Fedha haimo hata chembe, ni shaba iliyochanganywa na zinki na nikeli. Hiyo ndiyo ya kuchukua. Reli za chuma hushika kutu upesi, na kwa mvua zetu hazitamaliza mwaka. Za shaba ya njano ni rahisi, ila huchafuka, na mtoto atakuwa akizisugua kila siku kabla ya kucheza. Kimo cha reli huandikwa kwa namba, nayo ni sehemu za elfu za inchi: namba 100 ina kimo cha milimita 2.54. Kwa kipimo chetu hiyo ni kama reli ya sentimita 9, ambayo ni reli nyepesi hasa, inayofaa njia nyembamba. Kiwanda cha Peco cha Uingereza hutengeneza njia ya milimita 16.5 yenye mataruma manene yaliyoachana, kwa ajili ya mifano ya reli nyembamba. Akiikosa, ile ya kawaida itatosha. Mataruma yake yamebanana mno, lakini udongo kidogo uliochujwa na kumwagwa juu yake utaficha aibu.

Vipande vingapi? Mzee ana ubao wa tripleksi wa sentimita 244 kwa 122. Kona zikipimwa sentimita 46 kutoka katikati ya duara, duara zima litakula sentimita 289. Akiacha sentimita 10 kila mwisho wa ubao, sehemu mbili zilizonyoka zitakula 264. Jumla ni 553, yaani vipande sita na kidogo. Anunue vinane, maana msumeno nao hula, na mkono wa kwanza hukosea.

Katika kupinda, azingatie kwamba reli moja imeshikwa na mataruma na nyingine huteleza. Ile itelezayo aiweke upande wa ndani wa kona. Kwa kuwa njia ya ndani ni fupi, reli hiyo itachomoza mwishoni. Katika nusu duara huchomoza sentimita 5 na zaidi. Akate kwa msumeno mwembamba, kisha alainishe kwa tupa. Na kiungo kinachoangukia ndani ya kona akilehemu vipande vikiwa bado vimenyoka, ndipo apinde. Asipofanya hivyo kiungo kitatoa pembe kama kiwiko, na treni itaanguka papo hapo kila mara. Viungo vya sehemu iliyonyoka asivilehemu. Aache nafasi ya unene wa karatasi ngumu, maana mbao hujaa unyevu wakati wa mvua na kusinyaa kuanzia Desemba.

Kwa umeme tunayo bahati. Betri ya volti 12 ya sola, ambayo nyumba nyingi za Bunia zinayo, hutoa umeme wa namna ileile inayotakiwa, hata siku za giza mjini. Lakini betri haina huruma: msumari mmoja ukilala juu ya reli mbili, waya utawaka moto. Fyuzi ndogo iwekwe karibu na betri kabla ya kitu kingine chochote, na kidhibiti cha mwendo kinunuliwe pamoja na treni.

Wazazi wasio na mpwa Ulaya wasisikitike. Vijiti viwili vya mbao na waya mnene uliopigiliwa juu ya mataruma ya mianzi vyatosha kwa treni ya kusukumwa kwa mkono, na kwa watoto wa chini ya miaka sita twaipenda hiyo zaidi.

Likabaki jambo la safari. Reli ya milimita 914 haiingii katika sanduku la nguo, na ikikunjwa njiani haitanyoka tena vema. Mpwa azitie ndani ya bomba la plastiki la maji, la sentimita 11, lenye urefu wa mita moja, na kuziba pande zote mbili kwa kitambaa. Ndege nyingi hukubali mzigo ambao urefu, upana na kimo vikijumlishwa havipiti sentimita 158. Risiti aishike mkononi kwa ajili ya forodha ya Mahagi. Na kwa kuwa barabara ya kutoka huko haina usalama kila juma, asifunge safari kabla ya kuuliza wenyeji.

Mzee alipinda karatasi yake mpya, akaitia mfukoni. Mlangoni aligeuka kuuliza kama jengo la kituo cha Mungbere nalo ligawanywe kwa 36. Tukamwambia ndiyo, na matangi ya maji pia.