Jumba na Handaki: Wahakiki na Mfululizo wa Pili wa Downton Abbey

Mchezo wa mapenzi unapoingizwa vita huwa na mitihani miwili badala ya mmoja. Hapana budi uwaridhishe wale wanaongoja kujua kama kijana atamwoa binti, na kadhalika uwaridhishe wale wanaojua uzito wa bunduki. Mfululizo wa pili wa mchezo wa televisheni wa Uingereza uitwao Downton Abbey, ambao ulianza kuonyeshwa tarehe 18 Septemba 2011, ulifanya mitihani hiyo yote miwili mbele ya mamilioni ya watu. Katika wa kwanza ulipita kwa urahisi. Katika wa pili wahakiki wengi waliuangusha, na hukumu yao yafaa kupimwa, maana baadhi yake ilikuwa ya haki na baadhi ilipita juu juu.

Kwa ajili ya wale ambao hawakubahatika kuutazama, habari yenyewe ni hii. Mtungaji Julian Fellowes alibuni jumba kubwa katika jimbo la Yorkshire, makao ya Lord Grantham, mkewe na binti zao watatu. Juu wanaishi wenye nyumba. Chini, jikoni na vyumbani mwa kazi, wanaishi watumishi, nao wana mapenzi yao, wivu wao na siri zao. Kwa mujibu wa sheria ya urithi, mali yote humwendea mwanamume. Mrithi alizama na meli ya Titanic mwaka 1912, na urithi ukamwangukia binamu wa mbali, Matthew Crawley, mwanasheria kijana asiye na mazoea ya kuvalishwa koti na mtumishi. Mary, binti mkubwa, alimdharau kwanza, kisha akampenda, na alipochelewa kumpa jibu kijana akaondoka. Mfululizo wa kwanza, wa mwaka 2010, ulikoma bustanini, katika karamu ya mchana ya Agosti 1914, mwenye nyumba alipowatangazia wageni wake kwamba vita vimeanza.

Watu walingoja mwaka mzima. Pazia lilipofunguliwa tena, Matthew alikuwa afisa katika mahandaki ya Somme, mwaka 1916, na nyumbani alikuwa amekwisha kumposa msichana mwingine, Lavinia, mpole na asiye na hila. Mary naye alikuwa akifuatwa na Sir Richard Carlisle, tajiri wa magazeti. Jumba lenyewe likageuzwa kuwa mahali pa kuwauguzia maafisa majeruhi. Hilo halikuwa jambo la kubuni tu: ngome ya Highclere, mkoani Hampshire, ambamo mchezo huu ulipigiwa picha, ilikuwa hospitali kweli wakati wa vita hivyo, chini ya Lady Almina, mke wa Lord Carnarvon.

Lawama ya kwanza ya wahakiki ilihusu mbio. Vipindi vinane vilibeba miaka mitatu, kuanzia Somme hadi homa kuu ya mafua ya mwaka 1919, na wakati mwingine miezi mingi ilipita kati ya mlo mmoja na mwingine bila mtazamaji kupewa nafasi ya kuvuta pumzi. Mtu alifunga safari ya kwenda Ufaransa na kurudi kama aendaye sokoni. Mtu alitoa siri nzito, na kabla ya kipindi kwisha siri hiyo ilikuwa imesamehewa. Wahakiki wa magazeti ya London walisema kwamba kilichoanza kama tamthilia kilikuwa kikigeuka kuwa ule mchezo wa kila siku usiokwisha, ambao kila juma lazima mtu aanguke ngazini. Hapa walikuwa na haki. Vita ni kungoja: kungoja amri, kungoja barua, kungoja likizo. Aliyewahi kuishi katika nyumba za kambi anajua kwamba mwezi mmoja bila habari ni mrefu kuliko mwaka wa amani. Mtungaji anayekata kungoja huko amekata vita vyenyewe, na kubakiza mavazi.

Tukio lililowakera zaidi lilikuwa lile la kiti cha magurudumu. Katika mapigano ya Amiens, Agosti 1918, kombora lilimwangusha Matthew. Daktari akasema uti wa mgongo umekatika. Kijana hatatembea tena wala hatapata mtoto. Kwa muda mchezo ulikuwa mahali pagumu na pa heshima. Matthew akamfukuza Lavinia kwa ajili ya kumhurumia, asije akawa muuguzi badala ya mke. Mary, ambaye hapo awali hakuweza hata kujivalisha bila msaada, akamshikia beseni alipotapika. Hapakuwa na maneno mengi, na kwa hakika hapo ndipo waigizaji Dan Stevens na Michelle Dockery walipofanya kazi yao bora kuliko yote.

Kisha, baada ya vipindi viwili, Lavinia akajikwaa akiwa amebeba sinia, na Matthew akainuka kitini ili amdake. Daktari akaeleza kwamba kumbe palikuwa na mchubuko tu na uvimbe wa uti. Haukupita muda mrefu, kijana anatembea na kucheza dansi.

Wahakiki walicheka. Lakini kicheko si jibu la kutosha kwa jambo hili. Katika kila nchi iliyopigana wako wanaume waliorudi na miguu isiyosikia, na wako wake waliojifunza kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa chache asipate vidonda. Nyumba ya namna hiyo ikiketi mbele ya televisheni na kumwona afisa mzuri wa sura akiinuka kwa sababu mtungaji anamhitaji arusini, inaambiwa neno ambalo mtungaji hakukusudia kulisema: kwamba kiti kile kilikuwa kikwazo cha hadithi, si maisha ya mtu. Ingewezekana kabisa Mary na Matthew wakaoana huku mmoja ameketi. Mapenzi yao yangekuwa na uzito zaidi, na shida ya urithi ingekuwa kali zaidi, maana mrithi asiyeweza kupata mrithi ni msiba hasa kwa nyumba ya aina ile. Fellowes alikuwa na hadithi hiyo mkononi akaiachia.

Kuhusu kipindi cha yule afisa wa Kanada aliyeungua uso, aliyedai kuwa ndiye mrithi aliyezama na Titanic na kupoteza kumbukumbu yake, hapana haja ya maneno mengi. Alikuja, akasumbua watu, akaandika barua, akaondoka. Hata wapenzi wakubwa wa mchezo hawakujaribu kumtetea mtungaji hapo.

Wako waliopiga shina lenyewe badala ya matawi. Mwanahistoria Simon Schama, katika jarida la Newsweek mwanzoni mwa mwaka 2012, aliukosoa mchezo kwa kuwapambia watu zama za mabwana na watumishi wao. Mshairi James Fenton naye aliandika katika New York Review of Books mwaka huohuo. Kichwa cha makala yake kilitumia msemo wa Wamarekani wa kuukejeli mchezo uliokwisha kupoteza mwelekeo. Yaliyosemwa na Schama yana nguvu. Lord Grantham ni mwema mno. Mpishi wake akipata msiba yeye huandika barua. Mtumishi wake akitiwa hatiani yeye hulipa wakili. Mabwana wa namna hiyo labda walikuwapo, lakini kuwakusanya wote katika nyumba moja ni ukarimu uliopita kiasi.

Hata hivyo, watazamaji hawakuondoka. Nchini Uingereza mfululizo ulifunguliwa na watu zaidi ya milioni 9, na nchini Marekani, ambako ulianza tarehe 8 Januari 2012 katika idhaa ya umma ya PBS, kipindi cha mwisho kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 5, hesabu ambayo ni nadra kwa idhaa hiyo. Wahakiki wa Marekani kwa jumla walikuwa wapole kuliko wenzao wa London. Katika tuzo za Emmy za Septemba 2012 mchezo ulipendekezwa mara 16 na kushinda mara 3, mojawapo ikiwa ya Maggie Smith, aliyeigiza bibi mzee Violet, mama yake Lord Grantham. Tuzo kuu ya tamthilia ilikwenda kwa mchezo mwingine, Homeland, ambao kwa bahati nao unahusu askari aliyerudi kutoka vitani.

Ni rahisi kusema kwamba watu walibaki kwa sababu ya mavazi na mapenzi. Wengi ndivyo. Lakini chini, kwa watumishi, mfululizo huu ulikuwa na mambo ambayo wahakiki wengi waliyataja kwa mstari mmoja, nayo ndiyo yaliyostahili ukurasa.

Mfano ni William, mtumishi wa mezani, kijana wa mkulima. Unyoya mweupe wa kuaibisha waoga ulikabidhiwa mbele ya watu wakati wa tamasha jumbani, naye akaona haya kubaki. Akaitwa jeshini, akawa askari mhudumu wa Matthew, na pale Amiens alijitupa kumkinga afisa wake. Wote wawili walijeruhiwa na kombora lilelile. Matthew akaletwa hospitali ya kijijini. William akabaki Leeds, mbali na baba yake, kwa sababu hospitali ya kijijini ilikuwa ya maafisa peke yao, na daktari hakukubali kuvunja kanuni. Ilimbidi bibi mzee Violet ashike simu na kumtafuta jamaa yake mwenye cheo ndipo kijana akaruhusiwa kuletwa karibu kufia penye watu wake. Mchezo haukuhubiri juu ya jambo hilo. Ulilionyesha tu, na kila askari wa cheo cha chini aliyetazama alielewa.

Akiwa kitandani William alitaka kumwoa Daisy, msaidizi wa jikoni. Miongoni mwa sababu alizompa ni kwamba atapata pensheni ya mjane wa askari. Daisy hakumpenda kwa namna ile. Alikuwa amemkubalia uchumba kwa huruma, kwa kusukumwa na mpishi, ili kijana aende vitani na moyo mkunjufu. Akaolewa kando ya kitanda, na baada ya saa chache akawa mjane. Tangu hapo msichana huyu akakataa kujiita mjane, akaona pensheni hiyo ni wizi. Hapa pana swali ambalo nyumba za askari hulijua vizuri kuliko wahakiki: ni nani mjane wa kweli, na fedha ya serikali humlipa nani kwa kitu gani? Mfululizo ulilibeba swali hilo hadi kipindi cha Krismasi cha mwaka 2011, Daisy alipokwenda shambani kwa baba mkwe wake, na mzee akamweleza kwamba watoto wake wote wamekufa na hana wa kumwita binti ila yeye. Hapo Daisy akanyamaza. Tukio hilo lilifunikwa na lile la usiku wa theluji, Matthew alipompigia Mary goti hatimaye, na magazeti yakaandika juu ya theluji.

Tena yuko Lang, aliyeajiriwa kuwa mtumishi wa chumbani baada ya kutoka vitani. Mikono yake ilitetemeka, na usiku alipiga kelele zilizoamsha nyumba nzima. Aliyemwelewa alikuwa O'Brien, mwanamke mkavu na mwenye ulimi mchungu kuliko wote, kwa kuwa kaka yake mpenzi alipatwa na mshtuko huohuo wa makombora. Lang aliondoka baada ya vipindi vichache tu, na huku kuondoka upesi kwastahili lawama kubwa kuliko ile ya afisa wa Kanada.

Saa ya ukutani ilipogonga kumi na moja tarehe 11 Novemba 1918, kwa hesabu ya Kizungu, watu wote wa jumba walisimama pamoja, wa juu na wa chini. Ni picha nzuri. Mchezo haukuwa na kazi ya kukumbusha kwamba katika Afrika ya Mashariki vita hivyohivyo viliendelea majuma mawili zaidi, hadi von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Lakini mtazamaji wa upande huu anaweza kuliongeza hilo mwenyewe.

Habari iliyodumu kuliko zote ni ya Bibi Patmore, mpishi. Mpwa wake Archie alikuwa vitani, barua zikakatika, naye akamwomba bwana wake aulize. Jibu lilipokuja lilisema kwamba kijana alipigwa risasi na jeshi lake mwenyewe kwa kosa la woga. Bibi Patmore akarudi jikoni kwenye sufuria zake, maana chakula cha jioni kilikuwa hakijaiva. Askari 306 wa aina yake, walionyongewa haki au la kwa mahakama za kijeshi za haraka, walisamehewa na serikali ya Uingereza mwaka 2006, bila ya mzazi hata mmoja kuwa hai kupokea habari. Fellowes hakuisahau familia hiyo. Katika mfululizo wa tano, mwaka 2014, kijiji kilijenga mnara wa mashujaa, na jina la Archie halikuruhusiwa kuwekwa humo. Kisha Lord Grantham akaagiza kibao kidogo kichongwe na kutiwa ukutani, kando, ambapo shangazi yake angeweza kuweka maua.