Kunguru Tulimleta Wenyewe

Msimu wa masika tazama mnazi wowote wa uani wenye viota vya mnana. Dume hufuma tangu kukicha, jani bichi juu ya jani bichi, na kiota akakining'iniza kwenye ncha ya kuti ambako nyoka hafiki kwa urahisi. Kunguru hana haja na mlango. Hutua juu ya kuti, kuti likainama, naye akakitoboa kiota kwa nyuma na kutoa kinda baada ya kinda, huku wazazi wakimzunguka na kupiga yowe. Mwenzake yuko juu ya bati anangoja zamu yake. Anayeuliza chozi, jurawa na chiriku wamekwenda wapi katika bustani za Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Malindi, sehemu kubwa ya jibu lake iko kwenye kuti hilo.

Nieleweke ni kunguru yupi ninayemsema. Yule wa kwetu mwenye fulana nyeupe kifuani simgusi. Huyu ni mweusi mwenye shingo ya kijivu, mwembamba, mjanja kupita kiasi, asiyeweza kuishi mbali na binadamu na makombo yake. Kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, na husimuliwa kwamba watawala wa siku zile walitaka awe mfagiaji wa taka za mji. Hata miaka 30 haikutimia, Visiwani wakawa wanatafuta njia ya kumpunguza. Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Leo pwani yote ni yake, naye anapanda bara akifuata barabara na majaa.

Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza kwamba linakusudia kuwaondoa kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Tangazo kama hilo haliwezi kupita bila watu kugawanyika. Mfuga kuku aliyepoteza vifaranga hushangilia, na mwenye hoteli ambaye wageni wake hunyang'anywa mkate mezani hushangilia zaidi. Wapo pia wanaouliza: binadamu ni nani hata aamue ndege huyu afe ili yule aimbe?

Swali hilo ni la haki, wala lisipuuzwe kwa kicheko. Tuanze basi na majibu tuliyorithi. Waislamu wa pwani tumefundishwa tangu chuoni kwamba kunguru ni mmoja wa wale viumbe watano waharibifu ambao hata aliyevaa ihramu ameruhusiwa kuwaua. Jirani yangu Mhindu naye, katika siku za kuwakumbuka wazee wake waliotangulia, humtengea kunguru huyo huyo chakula kwa heshima. Sitaki kumbishia hata mmoja. Ila naomba tukumbuke kwamba ruhusa si amri ya kufyeka, na kwamba mafundisho hayo hayo yanamtaka mwenye kuchinja anoe kisu na asimtese mnyama. Anayeikamata ruhusa na kuuacha wema amechukua nusu ya somo, tena ile nusu nyepesi.

Upande wangu mimi ni huu: kumpunguza kunguru wa Bara Hindi ni halali, na zaidi ya halali ni wajibu. Lakini wajibu huo unatokana na kosa letu, na kosa la ndege halimo. Hakupanda chombo kwa hiari yake. Sisi, au waliokuwa juu yetu, ndio tuliomleta, kisha tukamlisha kwa miaka zaidi ya mia kwa matumbo ya samaki sokoni, vichwa vya kuku nyuma ya mabanda ya chakula, na mapipa yasiyo na vifuniko. Mnana na chozi hawakushauriwa. Hao ndio wanaotudai, na mwenye deni halipi kwa kujifanya hakimu. Kwa hiyo namkanya yeyote anayemwua kunguru kwa furaha, akimning'iniza kambani ili watoto wacheke. Huko kumwadhibu asiye na hatia kunawafundisha watoto ukatili, wala hakumrudishi chiriku hata mmoja.

Na hapa ndipo ninapokwaruzana na wengi wa upande wangu. Dar es Salaam walishafanya kazi hii kwa bidii miaka ya mwanzo ya 2010, kwa mitego na kwa sumu, na kunguru wakapungua watu wakaona kwa macho yao. Fedha zikakauka, kazi ikasita, kunguru wakarudi. Unguja nako walikuwa wameyaona hayo hayo kabla, katika miaka ya 1990. Mbona wanarudi? Kwa sababu meza haijaondolewa. Jozi iliyobaki hutaga mayai matatu hadi matano, na jaa likiwa wazi makinda hayakosi riziki. Kuua kunguru na kuacha jaa ni kukomba maji ndani ya ngalawa bila kuziba tundu. Tena ni dhulma, maana kila mwaka tunaua viumbe ambao mwaka uliotangulia tuliwalea sisi wenyewe. Enyi madiwani, jaa lisilofukiwa ni kiwanda cha kunguru. Enyi wauza samaki, matumbo yana ndoo yake na ndoo ina kifuniko. Na wewe mama lishe, usimwage makombo mtaroni ukasema kunguru ndio wanaosafisha. Hiyo ndiyo akili iliyowaleta.

Tukija kwenye namna ya kuua, mimi napendelea mtego. Ni kizimba cha waya kikubwa kama chumba, chenye nafasi nyembamba juu kama vipago vya ngazi. Ndani huwekwa nyama, na kunguru mmoja au wawili walio hai wa kuwaita wenzao. Anayeshuka hukunja mbawa akapenya. Akitaka kutoka lazima azikunjue, na nafasi haimruhusu. Uzuri wake ni kwamba akiingia mwewe au kunguru wetu wa fulana nyeupe, mlango hufunguliwa akaenda zake. Sharti ni moja: hao wa kuita wapewe maji na kivuli, na mtego uangaliwe kila siku. Nimeona mtego ulioachwa juani hadi chambo chenyewe kikafa kwa kiu. Kwa hilo hakuna anayeweza kunishawishi kwamba ni uhifadhi.

Sumu ni jambo zito zaidi. Ile iitwayo Starlicide, iliyobuniwa Marekani dhidi ya ndege waharibifu, huharibu figo za kunguru, naye akafa baada ya saa kadhaa au siku moja mbili. Wataalamu huipenda kwa kuwa huvunjika upesi mwilini, hivyo anayekula mzoga hayumo katika hatari kubwa. Nakubali kwamba miji mikubwa haiwezi kufanikiwa kwa mtego peke yake. Lakini itumike mikononi mwa waliofunzwa: nyama isiyo na sumu itangulie kwa siku kadhaa, watazame ni nani anayekuja kuila, na wakiona mwewe anashuka, kazi isimame. Anayenunua sumu ya panya dukani akaipaka kwenye utumbo na kuutupa uani ni mhalifu tu. Paka ataila, bundi atamla panya aliyekwisha kuila, na kunguru, kwa ujanja wake, huenda akawa wa mwisho kuigusa.

Nimewataja mwewe na bundi kwa makusudi. Ninachokiogopa zaidi katika vita hivi ni kwamba chuki ikishawashwa haichagui. Kijana aliyezoea kulenga kunguru kwa manati hatamwacha kipanga, kwa kuwa kipanga naye hukamata ndege wadogo. Hoja yake itasikika kama yetu: mbona huyu aue na asiuawe? Jibu ni kwamba kipanga na chozi wamekuwa pamoja tangu zama ambazo hapakuwa na mji wala taka. Chozi anakijua kivuli chake, na kipanga anapokosa mawindo hupungua mwenyewe, kwa sababu hakuna jaa la kumlisha wakati wa njaa. Uingereza walipata ushahidi wa hili bila kuutafuta. Dawa za mashambani zilipowamaliza vipanga katika sehemu nyingi za nchi hiyo, miaka ya 1950 na 1960, ndege waimbao hawakufurika. Na vipanga waliporudi, watafiti walipochunguza hesabu hawakuona kwamba wao ndio waliowamaliza wadogo. Kunguru wetu hana breki hiyo. Mnana wakiisha, yeye hurudi kwenye pipa, akangoja mnana wengine.

Bundi, maskini, hana hata kesi. Anauawa kwa kusingiziwa uchawi, naye usiku kucha anatupunguzia panya.

Yuko mtu atakayesema: kwani huko Bara Hindi nani humzuia kunguru? Yupo ndege mmoja, koeli, ambaye jike lake hutaga ndani ya kiota cha kunguru, na kunguru akalea kinda lisilo lake huku yake yakipungua. Basi si tumlete koeli? Naomba wazo hilo lifie hapo hapo lilipozaliwa. Hakuna wa kumwekea koeli mipaka akishaachiliwa Unguja. Huenda akapenda kiota cha kunguru wetu wa fulana nyeupe kuliko cha mgeni, na ni mla matunda, kwa hiyo mwenye shamba la mipapai atakuwa na kesi mpya. Ndoo yenye kifuniko, kwa upande wake, inauzwa sokoni leo, na diwani anaweza kuipitishia sheria ndogo kabla ya masika yajayo.